Kisanduku cha Kuamsha Mnara

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na sita. Hapana, nimekosea. Wa kumi na sita ndio Imasiku aliomwoza binti yake wa pili, na katika picha za harusi amesimama wima, hana fimbo. Basi ni wa kumi na saba, maana siku visanduku vile vitatu vilipoteremshwa pale ofisini Mongu, fimbo alikuwa nayo, na ndiyo aliyoitumia kuvisukumasukuma juu ya meza, kama mtu anayemchokora nyoka aone kama amekufa kweli.

Imasiku Mukela alikuwa fundi wa minara ya simu. Alianza ujana wake na simu za waya za posta, waya zikafa, minara ikaja, naye akahamia kwenye minara kama kupe anavyohama ng'ombe. Ishirini na mitatu ilikuwa chini ya mkono wake. Mingine ilikuwa kwenye mchanga wa msituni, mingine katikati ya uwanda ule ambao mto Zambezi huutandikia maji kila mwaka. Hakuna mtu anayekaa kwenye minara hiyo. Kuna mlingoti, kuna kibanda cha bati chenye betri na mitambo ndani, kuna sola na ua wa seng'enge, basi. Zamani walikuwapo walinzi, kampuni ikawaachisha. Baadaye majirani wakaachiwa funguo, betri zikaibwa mahali pawili, kampuni ikazikusanya funguo zote na kumkabidhi Imasiku. Akazitia kwenye pete moja. Akitembea zinalia kama njuga za mbuzi.

Sasa, mitambo ya simu ina ugonjwa mmoja unaofanana sana na wa binadamu. Huganda. Haijaungua, haijakatika waya, umeme upo, taa zinawaka, lakini imeduwaa tu kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Dawa yake kila fundi anaijua: unaizima, unahesabu mpaka kumi, unaiwasha. Ni kazi ya kidole kimoja. Taabu ni kwamba kidole kilikuwa cha Imasiku, na Imasiku alikuwa Mongu, na mtambo ulioganda, mara nyingi, ulikuwa Sikuli.

Sikuli ni kitongoji juu ya kichuguu kikubwa cha udongo, huko uwandani. Wakati wa kiangazi unafika kwa gari kabla jua halijakaa sawa kichwani. Maji yakishapanda ni siku mbili kwa boti, na kipande cha mwisho unateremka ukatembea, kwa sababu majani ya majini huisonga injini ikakohoa na kuzima. Watu wengi wa uwandani wakati huo wamekwisha hama na ng'ombe wao kwenda nchi ya juu. Sikuli hubaki nyumba kama kumi na mbili, za wavuvi na za wazee waliokataa kuhama, na mnara.

Mafuriko ya mwaka huo, kabla visanduku havijaja, mnara uliganda mara tatu. Mara tatu Imasiku akaenda. Mara ya tatu maji yalimfika kifuani, viatu amevining'iniza shingoni, funguo ameziuma kwa meno. Akafika, akafungua, akazima. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Akawasha. Akakaa juu ya sanduku la betri akatazama magoti yake, yamevimba kama maboga. Akasema peke yake, "Mungu hakuniumba niwe kidole cha kampuni."

Aliporudi nyumbani mkewe, Inonge, alimkanda magoti kwa maji ya moto na chumvi. Inonge si mtu wa maneno mengi. Alikanda mpaka maji yakapoa, ndipo akasema:

"Baba Nalishebo, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Mafuriko matatu. Hayo magoti hayana mafuriko matatu ndani yake."

"Najua."

"Moja huenda yanalo. Nalo tulitunze la mazishi yangu au yako."

"Mwaka ujao siendi," Imasiku akasema. "Wanaleta mashine ya kuzima na kuwasha kutoka mbali. Nakuahidi, Inonge. Maji yatakuja yatanikuta hapa hapa kwenye kiti hiki."

Inonge akamwaga maji nje. Imasiku alikuwa ameahidi, naye hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Tangu siku hiyo alikingoja kisanduku hicho kama mgonjwa anavyomngoja mganga aliyesifiwa.

Basi visanduku vikaja Oktoba, vitatu, cheusi, cheupe na kijivu, kila kimoja cha mtengenezaji wake. Na barua kutoka makao makuu Lusaka: fundi wa eneo avijaribu, achague kimoja, kinunuliwe cha minara yote kabla ya mvua. Pamoja navyo akaja mhandisi wa kusimamia majaribio, dada mmoja Mtonga, Chipego Hamoonga, aliyekuwa na umri wa Nalishebo binti yake. Walozi na Watonga ni watani tangu mababu, kwa hiyo hapakuwa na salamu za upole.

"Ndate Imasiku!" Chipego alimpigia kelele, akimwita baba kwa Kilozi, kabla hajashuka kwenye gari. "Bado hamjazama tu huku?"

"Sisi hatuzami, tunaelea. Wewe je, ng'ombe wamekupa ruhusa ya kusafiri?"

"Wamenipa, ila wamesema nisile samaki wenu, nitaota magamba."

"Ota. Huenda ukapata mume mwenye mtumbwi."

Wakacheka, Chipego akapiga goti kidogo, wakapeana mikono kwa heshima inayostahili, na kazi ikaanza.

Chipego alikuwa na karatasi ya maswali kutoka Lusaka, maswali arobaini na moja. Kisanduku kina matundu mangapi ya waya? Kina cheti gani? Kioo chake kinaonyesha rangi? Imasiku aliisikiliza ikisomwa mpaka swali la kumi na nne, akasinzia, fimbo ikaanguka. Alipozinduka akasema, "Mtani, mimi nina maswali manne tu. Ukiniruhusu nivihoji mwenyewe."

La kwanza lilikuwa la joto. Akachukua pipa tupu la mafuta, akavitia visanduku vyote vitatu ndani, vikiwa vinafanya kazi, akafunika bati, akaliacha juani kuanzia asubuhi mpaka alasiri, Oktoba ya Mongu, mwezi ambao hata kuku hutembea wamefungua midomo. Vikatoka vitatu vizima, ila cheusi kilikuwa kimepinda ubavu.

La pili, sisimizi. Chipego alidhani ni utani wa Walozi. Lakini Imasiku alikuwa ameona kwa miaka mingi kwamba sisimizi wanapenda swichi za umeme kuliko sukari. Huingia, hujazana pale chuma kinapogusana na chuma, hupigwa na umeme, wenzao huja kuwazika, nao hupigwa, mpaka swichi inajaa maiti na haigusani tena. Akaviweka visanduku karibu na njia yao nyuma ya jiko la ofisi. Siku tatu. Cheusi kilikuwa na matundu ya kupumulia chini yake. Wakakihamia na mayai yao.

"Huyu tumzike," Chipego akasema, akikitikisa kile cheusi, sisimizi wakimwagika mezani. "Loo! Hata karatasi yangu haina swali la sisimizi."

"Karatasi yako imezaliwa Lusaka."

Vikabaki viwili. Cheupe kilikuwa kizuri kweli, na kioo cha rangi, na picha ndogo ya mnara iliyogeuka kijani au nyekundu. Kijivu kilikuwa kizito, kibaya kama tofali, kina taa moja tu.

Swali la tatu Imasiku aliliuliza kwa mkono. Alivipa umeme vyote viwili, akawasha balbu kupitia kila kimoja, kisha akachomoa umeme wote, kama betri za mnara zinavyokwisha siku za mawingu. Akangoja. Akaurudisha. Balbu ya kijivu ikawaka yenyewe. Ya cheupe haikuwaka. Kioo kikaandika kwa rangi nzuri kwamba kinangoja amri.

"Kinangoja nani?" Imasiku akauliza.

"Kinangoja mtu akiambie kiwashe," Chipego akasema. "Ni usalama. Unaweza kukigeuza ndani kisingoje."

"Na fundi mmoja akisahau kukigeuza, mnara mmoja?"

Chipego akaliandika hilo pembeni mwa karatasi yake.

"Mtumishi ambaye akizimia, akizinduka, hasimami mpaka aambiwe simama," Imasiku akasema, "huyo si mtumishi wa kumwacha peke yake nyumbani." Akakisogeza cheupe pembeni kwa fimbo.

Likabaki swali la nne, nalo ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu siku ya maji ya chumvi. Kisanduku husikia amri kwa njia gani? Kijivu kilikuwa na tundu la laini ya simu, kama simu yoyote. Unakitumia ujumbe kwenye namba yake: zima, hesabu kumi, washa. Nacho kinatii, kinakujibu. Imasiku alikigeuzageuza, akalitazama tundu lile kwa muda mrefu.

"Hapa tutie laini ya wale wengine," akasema. "Mtandao wa jirani. Mnara wao uko kilomita kumi na tano kutoka Sikuli, ishara inafika hafifu, lakini ujumbe unapita. Nimeshajaribu kwa simu yangu nikiwa juu ya mlingoti."

Chipego akamwangalia, akaitikia kwa kichwa. Hakuhitaji kuelezwa. Mnara wetu ukiganda, laini ya kwetu iliyo chini yake inaganda nao. Kutia laini ya kwetu ni sawa na kumfungia mtu ndani ya nyumba na kumpa ufunguo unaofungua kwa nje tu.

"Nitawapigia Lusaka," Chipego akasema. "Bwana Kabaso ndiye anayenunua."

Wakapiga siku ya Alhamisi, simu imewekwa mezani ikisema kwa sauti, wote wawili wameinama juu yake. Bwana Kabaso alikuwa mkubwa wa manunuzi, mtu mwenye sauti ya kuchangamka. Kijivu akakikubali papo hapo, maana bei yake ilikuwa ya chini. Walipofika kwenye laini, kicheko chake kikajaa ofisi.

"Ndate, ndate, ndate! Minara ishirini na mitatu ya kampuni yetu, ndani yake laini za washindani? Wakaguzi wakiziona? Magazeti yakisikia? Watasema hata sisi wenyewe hatuuamini mtandao wetu!"

"Bwana," Imasiku akasema, "mnara ukiganda, laini ya kwetu haitapata kitu. Amri haitafika."

"Mtandao wetu una minara mingi, ndate. Laini itashika mnara mwingine wa karibu."

Sikuli haina mnara wetu mwingine wa karibu. Wa karibu uko kilomita sitini. Imasiku alijua, Chipego alijua, na ramani ilikuwa ukutani nyuma yao ikijua.

Kwa Walozi, mkubwa akisema neno unaweza kumrudisha, yaani kumpinga, mara moja, kwa upole. Mara ya pili ni kukosa malezi. Akishalirudia, unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, maana yake nimekusikia, mheshimiwa. Haina maana kwamba nimekubali, ila nimekusikia. Imasiku alikuwa amemrudisha Kabaso mara moja. Sasa angeweza kuvunja malezi akamrudisha mara ya pili. Fomu ilikuwa mezani, inangoja sahihi yake kama fundi wa eneo: kifaa hiki, pamoja na laini ya kampuni, kinafaa kwa minara isiyo na watu. Alikuwa amechoka. Wiki ile alikuwa ametoka msituni, gari limezama kwenye mchanga mara nne, analichimbua kwa koleo na sahani. Alimtazama Chipego. Chipego alikuwa anatazama karatasi yake ya maswali arobaini na moja, anaikunja, anaikunjua.

Imasiku akapiga makofi. Pa, pa, pa, polepole, juu ya simu.

"Ahsante sana, ndate!" Kabaso akasema kwa furaha. "Huo ndio moyo!"

Imasiku akatia sahihi. Chipego akatia yake chini.

Nje, wakati Chipego anapakia mizigo, utani ulikuwa umewaishia. Alisema tu, "Ndate, huenda isigande mwaka huu."

"Huenda," Imasiku akasema. "Msalimie ng'ombe."

Visanduku vya kijivu vikaja ishirini na vitatu, akavifunga vyote kabla ya Krismasi, na nisiseme uongo, vilikuwa vizuri. Minara ya msituni, ambayo huonana na minara mingine, ilipoganda aliiamsha akiwa amekaa ofisini na kikombe cha chai. Mara ya kwanza alitoka mpaka nje akasimama tu, kama mtu aliyepunguziwa kifungo. Mchana ule alikwenda nyumbani mapema akala ugali na maziwa ya mgando, akamwambia Inonge habari yote, na Inonge akacheka. Hakumwambia habari ya laini ya Sikuli.

Maji yakaja mwezi wa pili, yakajaa mwezi wa tatu. Mfalme akahama kwa mashua yake kubwa, ngoma zikasikika mpaka mjini, watu na ng'ombe wakafuata. Imasiku alikaa kwenye kiti chake kama alivyoahidi. Wiki moja. Wiki ya pili. Akaanza kudhani Mungu amemsamehe ile sahihi.

Jumanne asubuhi, kwenye skrini ya ofisi, Sikuli ikageuka nyekundu.

Akatuma ujumbe kwenye kisanduku: zima, washa. Akangoja. Kimya. Akatuma tena. Alijua haufiki, alijua kama anavyolijua jina la mama yake, lakini akatuma. Kabla ya saa sita alikuwa ametuma saba. Lusaka wakapiga: Bwana Kabaso kajaribu mwenyewe, naye hajajibiwa. Chipego kajaribu. Kila mwenye namba ile alijaribu, kama watu wanaombishia hodi marehemu.

"Ndate," Bwana Kabaso akasema, safari hii bila kicheko, "kwani kisanduku mlikifunga sawasawa?"

Imasiku akasema ndiyo, bwana, tulikifunga sawasawa.

Nyumbani Inonge alimwona anatafuta viatu vya zamani, vile visivyo na hasara vikilowa. Alimfungia samaki wakavu na unga, akaenda ndani akakiinua kile kiti alichoahidiwa, akakiweka nyuma ya mlango ambako hakionekani. Ni hicho tu alichofanya, na Imasiku alisema baadaye kwamba afadhali angemtukana.

Boti ilikuwa ya kijana wa mjini aitwaye Mubiana, mtu wa maneno mengi.

"Ndate, si mlisema mashine imekuja? Mimi nilishaanza kutafuta biashara nyingine. Nikasema wateja wangu wa minara wamekwisha."

"Endesha."

"Naendesha. Nauliza tu, hiyo mashine inafanya nini huko?"

"Inakaa."

"Aa. Kama shemeji yangu."

Siku mbili za maji. Uwanda wote umekuwa kioo, vilele vya miti vinachungulia, ndege weupe wamesimama juu yake. Hakuna baya la kusema juu ya uzuri wake, ila magoti hayana macho. Siku ya pili, alasiri, majani yakaisonga injini. Imasiku akashuka. Maji yalimfika kiunoni tu mwaka huo, akamshukuru Mungu kwa hilo. Alitembea na fimbo yake, anaitanguliza, anapima, anavuta mguu kutoka kwenye tope, anapumzika, anavuta mwingine. Jua lilikuwa bado juu alipopanda kichuguu cha Sikuli.

Watu walimngojea kwenye ua wa seng'enge. Mbele yao alikuwa Ma Mwangala, bibi mmoja asiyehama, mwenye simu imefungwa shingoni kwa uzi. Akapiga makofi, wakasalimiana inavyopasa, habari za njia, habari za nyumbani, habari za maji.

"Siku ya nne leo, ndate," akasema. "Binti yangu Livingstone amejifungua au hajajifungua, sijui."

"Sasa hivi utajua, mama."

Akafungua kufuli. Ndani ya kibanda joto lilikuwa la tanuri. Kisanduku cha kijivu kilikuwa ukutani mahali alipokifunga, kisafi, hakina sisimizi hata mmoja, taa yake ndogo inawaka kwa utulivu. Imasiku akainua mkono akazima mtambo. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Akawasha. Mtambo huchukua dakika kama sita kuzinduka. Akakaa juu ya sanduku la betri, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Taa zikaanza kurudi moja moja. Nje akasikia watu wanashangilia, na sauti ya Ma Mwangala: "Haloo! Haloo, mwanangu!"

Hapo ndipo kisanduku kilipolia. Ta!

Taa zote za mtambo zikazimika.

Imasiku akasimama. Alidhani kiwiko chake kimegusa swichi. Akahesabu bila kujua kwamba anahesabu, na alipofika kumi kisanduku kikalia tena, ta, na umeme ukarudi. Nje kelele zikageuka kuwa miguno. Dakika sita. Taa zikarudi. Haloo, mwanangu! Ta! Giza.

Ndipo akafahamu. Ujumbe ule wote uliotumwa Jumanne, saba wa kwake, na wa Chipego, na wa Bwana Kabaso, na wa nani na nani, haukupotea. Ulikuwa umekaa mahali fulani Lusaka unangoja Sikuli ipatikane. Sasa Sikuli inapatikana, nao unaingia mmoja mmoja, na kisanduku, mtumishi mwaminifu, kinatii kila mmoja. Kinazima mnara, kinahesabu kumi, kinauwasha. Mnara ukishapata pumzi tu, unaingia mwingine.

"Ndate!" Ma Mwangala akaita kutoka kwenye seng'enge, hana tena adabu ya makofi. "Mnara wetu unaufanya nini? Mara mbili nimempata, mara mbili nimesema haloo tu! Mtoto atadhani bibi yake ni kasuku!"

"Samahani, mama. Wakubwa wanaongea."

"Basi waambie wamalize, nasi tuongee!"

Imasiku akakifungua kifuniko kwa bisibisi, akaichomoa ile laini ya kampuni, akaitia mfukoni. Kisanduku kikanyamaza. Akazima, akahesabu, akawasha kwa kidole chake. Dakika sita baadaye Ma Mwangala alikuwa anapiga vigelegele. Wa kiume, kilo tatu na robo, mama mzima. Watu wakacheka, wakamletea Imasiku kigoda na samaki wa kuchoma, wakamshukuru sana kwa kuja. Yeye alikula, akawashukuru, akajitazama magoti. Yalikuwa yameshaanza kuvimba. Na mbele yake palikuwa na siku mbili za kurudi, na mbele ya hizo miezi miwili ya maji, na mnara usio na kitu cha kuuamsha isipokuwa yeye.

Jioni ileile, mtandao ukiwa umetulia, akampigia Chipego.

"Mnara umeamka," akamwambia.

"Ahsante, ndate. Pole sana. Pole kweli." Kisha akasema, "Lusaka wanataka maelezo. Wanasema uandike kwamba kifaa kilikuwa na kasoro, ili wadai fidia kiwandani."

"Kifaa hakina kasoro."

"Najua."

"Kimetii kila amri kiliyopewa."

"Najua, ndate."

Imasiku aliandika maelezo yake Mongu, wiki iliyofuata, mguu mmoja ameuweka juu ya ndoo. Aliandika siku, saa, kina cha maji, akaandika kwamba kifaa ni kizima. Mwisho wa fomu pana nafasi ya maoni ya fundi, mistari miwili, ambayo kwa miaka yote alikuwa akiandika "hakuna". Mara hii aliijaza. Akaipeleka Lusaka kwa Bwana Kabaso, na nakala kwa Chipego. Nyingine aliiweka ndani ya daftari lake, na kabla ya kustaafu aliipeleka tena mara mbili, asije akaambiwa ilipotea njiani.

Aliandika hivi: "Siku ile ya Alhamisi tulikuwa watatu kwenye simu, na naona hakuna hata mmoja wetu ambaye hakujua kwamba amri haitafika. Naomba kuuliza kwa heshima: ni nani kati yetu alikuwa anamngoja nani aseme?"